Kulaza mashine ya boti siyo kuilaza chali

Kila mwaka Mei ikiingia, upepo wa kusini-mashariki unaanza kulichafua Ziwa Nyasa, ule ambao wenzetu upande wa Malawi wanauita Mwera, unasumbua mpaka Agosti hivi. Boti ndogo pale Matema zinavutwa mchangani moja baada ya nyingine, mashine zinafunguliwa zinabebwa begani kwenda nyumbani. Na hapo ndipo ubishi unapoanza. Huyu anasema iwashe kila Jumapili isisahau kazi, yule anasema usiiguse kabisa, mwingine kasoma mtandaoni kwamba lazima uweke dawa ya kuzuia barafu, mwingine anakwambia imwagie dizeli mwili mzima ufunge na nailoni biashara imeisha. Tangu wenzetu wa Ziwa Tanganyika wafungiwe uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, maswali yamezidi kwa sababu kila mtu ana shemeji au binamu huko ambaye mashine yake ilitoka likizo ikiwa imekufa.

Mimi mashine yangu niliiua mwenyewe, ntasimulia. Kwanza tuelewane maneno.

Ninaposema mashine hapa namaanisha ile injini ya kufunga nyuma ya boti, ya hosipawa 9.9, 15 mpaka 40, siyo midizeli ya meli kama MV Mbeya II, ile ina mafundi wake na mambo yake. Hizi zetu ziko za aina mbili. Kuna tustroki, ambayo unachanganya oili ndani ya petroli (nyingine zina tenki lake la oili zinajichanganyia zenyewe), na kuna fostroki, ambayo oili inakaa kwenye tumbo lake kama gari. Huku kwetu nyingi ni tustroki kwa sababu ni nyepesi, ngumu, na fundi yeyote anaifungua chini ya mwembe. Kabureta ni kile kibakuli kinachochanganya petroli na hewa. Impela ni kipropela cha mpira kilichofichwa kwenye mguu wa mashine, ndicho kinachovuta maji ya ziwa yapande kupoza injini, na ukiona mashine inakojoa pembeni ujue impela inafanya kazi. Na kulaza ni kuiandaa mashine ikae wiki nyingi bila kazi.

Sasa hilo neno kulaza ndilo lililoniponza mimi.

Mwaka ule nilitoa mashine yangu ya 15 majini jioni, kirikuu kilikuwa kinanisubiri kwenda Tukuyu, dereva anapiga honi, nikaitupa nyuma ikalala chali, na kwa vile barabara inapanda, na mimi nilikuwa nimekiegemeza kile kimguu chenye propela juu ya gunia la mchele, kichwa cha injini kikawa chini kuliko mguu. Nikafika nikaiingiza stoo hivyohivyo imelala, nikaifunika na turubai zuri kabisa nikalifunga na kamba, nikajiona bwana nidhamu. Agosti narudi, navuta kamba ya kuwashia, kamba haiji. Navuta tena, ni kama nimefunga kamba kwenye mti. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi kule Kyela, nikamwambia tata, hii mashine niliilaza vizuri tena nikaifunika. Akachomoa plagi, akamulika na tochi ya simu, akaniita nichungulie. Ndani ya silinda pale panapotakiwa kung'aa kama kioo palikuwa na utando mwekundu kama udongo wa Rungwe. Akaniambia, kijana, kulaza mashine ni kuisimamisha.

Kilichotokea ni hiki. Moshi wa mashine ya boti hautokei juu kama pikipiki, unashuka ndani ya mguu unatokea chini majini, na maji ya kupoza nayo yanashukia njia hiyohiyo. Ukizima na kuitoa ziwani, mle mguuni kunabaki maji. Ikisimama wima yanachuruzika yenyewe yanaisha. Ukiilaza kichwa kikiwa chini, yale maji yanarudi kinyumenyume kufuata njia ya moshi mpaka kwenye silinda, na tustroki haina valvu ya kuyazuia, lile tundu la moshi liko wazi kila pistoni inaposhuka. Ni kikombe kimoja tu cha maji, miezi mitatu, ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda. Hiyo ndiyo bili niliyolipa, na niliilipa kwa hela ya mchele wa msimu mzima.

Kwa hiyo isimamishe. Tafuta mbao nene mbili, tengeneza kistendi, ifunge kama ilivyokuwa kwenye boti, iache wima angalau siku nzima ikauke. Kama huna budi kuilaza, mashine nyingi zina upande mmoja unaoruhusiwa, utaona vijiguu vya plastiki ubavuni, na hata hapo kichwa kiwe juu kuliko mguu na maji yawe yameshaisha. Kwa fostroki ndiyo usibahatishe kabisa upande, maana oili itahama kutoka tumboni iingie kwenye silinda.

Turudi kwenye hili la kuwasha kila Jumapili, maana ndilo lenye wafuasi wengi na mimi ndilo ninalolipinga kuliko yote. Mtu anaamini mashine ni kama mguu, usipoutembeza unakufa ganzi. Anaitoa nje, anaivuta, inanguruma dakika mbili, anazima, anafurahi. Kumbe kila akifanya hivyo anaimwagia maji ndani. Siyo utani. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na siyo kidogo, lita moja ya petroli iliyoungua inatoa karibu lita moja ya maji ukikusanya mvuke wake wote. Injini ikiwa imechemka vizuri na kazi ipo, huo mvuke unatoka na moshi unaondoka zake. Injini ikiwa ya baridi, mvuke unagusa chuma unageuka matone, kama jasho la chupa ya soda ukiitoa kwenye friji. Unazima, matone yanabaki. Jumapili ijayo unaongeza mengine. Juu ya hapo umevuta choki kwa sababu imepoa, petroli mbichi imeingia nyingi, imeosha ule utando wa oili uliokuwa unalinda silinda. Na kabureta uliyoikausha umeijaza upya. Kwa fostroki maji na petroli vinapenya mpaka kwenye oili kule tumboni. Halafu kuna wale wanaowasha mashine kavu, nje ya maji, wanasema ni sekunde chache tu. Impela ni mpira unaozunguka ukibana kwenye kikombe chake, maji ndiyo yanailainisha, bila maji inajisugua inaungua, na hizo sekunde chache zinatosha kuiharibu.

Kwa hiyo kama unataka kuiwasha katikati ya mapumziko, iwashe kikweli, ipeleke majini ifanye kazi hata nusu saa mpaka imechemka. Kama huwezi, ilaze kama inavyotakiwa na uiache. Cha katikati ndicho kinachoua.

Na barafu? Hii imetoka mbali. Marekani ya kaskazini, Kanada, nchi za Ulaya, baridi yao maziwa yanaganda, na maji yakiganda yanavimba, yakibaki ndani ya injini yanaweza kupasua chuma kama yanavyopasua chupa ukiisahau kwenye friza. Ndiyo maana maelekezo yao mengi yanazungumzia dawa ya kuzuia kuganda, hasa zile injini zinazokaa ndani ya boti ambazo hazijimwagi zenyewe. Ziwa Nyasa liko kama mita 470 na kitu tu juu ya usawa wa bahari, Kyela jasho linakutoka umekaa, hakuna barafu pale. Kama una nyumba Makete au karibu na Kitulo ambako Juni na Julai unaamka majani meupe kwa sakitu, na ukaamua kuipeleka mashine huko, basi hakikisha tu imesimama wima maji yametoka, inatosha. Dawa yao waachie wenyewe. Adui wetu huku ni unyevu, na petroli iliyochacha.

Petroli inachacha, ndiyo. Siyo kama maziwa kwamba utasikia harufu kesho yake, lakini ina vitu vyepesi ndani yake ambavyo ndivyo vinavyoshika moto haraka, na hivyo vinaruka hewani wiki baada ya wiki. Kinachobaki kinakuwa kizito, kinageuka gundi ya rangi ya asali. Kwenye dumu la lita 20 hutaona tofauti haraka, ila kwenye kibakuli cha kabureta mna petroli kidogo sana, ikikauka gundi inaziba vitundu ambavyo ni vyembamba kama ncha ya sindano. Halafu mtu anasema mashine imeharibika yenyewe ikiwa imekaa! Kuna na hili la petroli kuvuta maji, watu wanabishana sana. Inayovuta maji kweli ni petroli yenye ethanoli, na Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli yao tangu 1982, kwa hiyo kama unavua kule karibu na mto Songwe na dumu lako limetoka ng'ambo, hiyo usiiache kwenye tenki kabisa.

Siku ya mwisho ya kazi mimi nafanya hivi siku hizi. Nakata pipa la lita 200, najaza maji masafi, nachomoa propela (usiwashe kwenye pipa na propela ikiwepo, itarusha maji na ikikupata mkono basi), naining'iniza mashine maji yakipita juu ya lile bati lililo juu ya propela ili impela ivute vizuri. Nje, uwanjani, siyo stoo, moshi wake unaua mtu kimyakimya. Naiwasha inguruma taratibu dakika kumi, ikojoe, itoe tope.

Hapa nasikia mtu akisema Nyasa ni maji baridi, hayana chumvi, kuosha ni kwa watu wa Dar na Tanga. Nusu ni kweli. Chumvi hatuna, ila tuna Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zinazoshusha udongo wa milimani mvua zikinyesha, na Kyela mvua ya Aprili hainyeshi, inamwagwa. Ukiendesha karibu na mdomo wa mto maji yana rangi ya chai, ule mchanga unasaga impela na tope linakaa kwenye njia za maji, likikauka linakuwa tofali. Anayevua Rukwa ndiyo asibishane kabisa, lile ziwa halina mto unaotoka, maji yake yana magadi, aoshe kila safari.

Ikishaoshwa nachomoa mpira wa petroli mashine ikiwa bado inanguruma. Itaendelea kula iliyobaki kwenye kabureta. Sasa kwenye tustroki oili inakuja na petroli, maana yake petroli ikiisha na oili imeisha, kwa hiyo nikisikia sauti inaanza kubadilika namimina oili kidogo kidogo kwenye mdomo wa kabureta, oili ileile ya boti, inatoa moshi mwingi mweupe majirani wanatoka nje kuangalia, halafu inakohoa inazima. Huo moshi maana yake kila kona ya ndani imepakwa oili. Chini ya kibakuli cha kabureta kuna skrubu, naifungua, matone ya mwisho yanatoka. Nachomoa plagi, namimina kama kijiko kimoja cha chai cha oili kila silinda, natoa ile klipu ya kamba ya usalama ili isije ikapiga moto, navuta kamba ya kuwashia taratibu mara nne tano oili isambae, narudisha plagi.

Na oili ni ya boti, ile ambayo kopo lake limeandikwa TC-W3. Ni ya injini zinazopozwa na maji. Oili ya chenso ya wale wapasua mbao wa Mufindi ni ya injini inayopozwa na upepo, kazi tofauti, usibadilishane nao, na petroli yako iliyobaki iliyochanganywa pia usiwape. Mpe mwenye boti anayeendelea na kazi, au imimine lita moja moja kwenye gari lenye tenki linalokaribia kujaa. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari hata usiifikirie. Kipimo nacho watu wanakiogopa bure, mashine nyingi zikishazoea kazi ni 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli unaweka mililita 400, zaidi kidogo ya chupa ya soda ya glasi. Mpya ambayo bado inazoeshwa kazi, wengi wanasema oili mara mbili ya hapo. Kitabu cha mashine yako ndiyo msema kweli.

Kitu ambacho karibu kila mtu anakiruka ni oili ya gia kule chini mguuni. Kuna skrubu mbili, moja chini moja juu. Fungua ya chini, halafu ya juu ili hewa iingie, acha idondoke kwenye kopo jeupe na uiangalie kwa macho yako. Ikiwa nyeusi au ya kahawia lakini safi, shukuru. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yanaingia, sili (mpira unaozuia maji) imechoka, mara nyingi ni nyuzi ya nyavu iliyojizungusha nyuma ya propela ikaikata. Ukiiacha hivyo miezi mitatu, gia zinakaa kwenye maji. Kwa hiyo oili hiyo inabadilishwa kabla ya kulaza, siyo siku ya kurudi kazini kama wengi wanavyofanya. Mpya unaijazia kutoka tundu la chini kwa kuisukuma mpaka itokee la juu, ukijazia juu utafungia hewa ndani utadhani imejaa kumbe nusu.

Mashine ya kuwashia kwa funguo, chomoa betri, ichaji mara moja kwa mwezi. Hiyo imeisha.

Sasa pa kuweka. Hapa watu wa Kyela tuna mwalimu mzuri ambaye ni kakao. Hakuna mtu anayefunika kakao mbichi na nailoni akaifunga akaenda zake, anajua akirudi atakuta ukungu. Lakini mtu huyohuyo anaifunga mashine na nailoni mpaka shingoni! Unyevu ulioko ndani mchana unapanda, usiku unashuka kama matone, kila siku, miezi mitatu. Tumia shuka la zamani au gunia la katani, kitu kinachopumua, kizuie vumbi tu. Kwa wenzetu wa Mtera huko Iringa shida siyo unyevu, boti zinakaa pembeni maji ya bwawa yakirudi nyuma kiangazi, wao wapambane na vumbi na jua linalopasua mipira, kivuli ndiyo dawa yao.

Dizeli ya kumwagia mwili mzima siipendi, inakamata vumbi na inavimbisha mipira. Pangusa na kitambaa chenye oili kidogo, paka grisi kwenye nyuzi za propela na viungio, inatosha. Na stoo ya mchele siyo mahali pake, panya wakimaliza mchele wanahamia kwenye nyaya. Najua wengi tunaiweka chumbani tunakolala kwa sababu ya wezi, siwezi kukwambia usiweke, nami naweka, ila tenki na dumu la petroli vibaki nje, mbali na jiko na mshumaa.

Mwezi ukipita, ukiwa na hamu sana ya kuigusa, vuta kamba taratibu mizunguko miwili mitatu bila kuwasha, klipu ya usalama ikiwa imetolewa. Impela inabadili mkao mpira usijikunje upande mmoja, oili inajipaka upya. Hiyo ndiyo Jumapili yako.

Agosti upepo ukitulia, weka petroli mpya, bana kile kipira cha kwenye mpira wa petroli mpaka kiwe kigumu, ivute. Itatoa moshi mweupe wa kutisha dakika chache, ni ile oili uliyoweka inaungua, usimkimbilie fundi. Ikigoma, chomoa plagi, utakuta zimelowa oili, zipanguse au badilisha. Ikishawaka jicho liende pembeni, ikojoe ndani ya nusu dakika. Isipokojoa zima hapohapo, ila kabla hujaanza kufungua mguu kutafuta impela chukua spoku ya baiskeli uchokoe lile tundu la kukojolea, maana kuna nyigu wanaojenga na udongo wanapenda sana vitundu vya namna hiyo. Mwaka jana yangu ilitoa kidonge kizima cha udongo mkavu, kikaruka majini, halafu maji yakafuata.